Habari za Absalomu Nilizisoma Nusu

Ndugu zangu, mnanijua. Ni mimi yule mkamua ng'ombe wa mzungu huko Njoro, anayechekesha watu hata matangani. Leo nivumilieni. Nikikwama nitacheka, lakini si furaha.

Shule niliacha darasa la tatu. Kusoma najua, kumaliza ndio sijui. Nikimtafutia kifungua mimba wangu jina la ubatizo, nilifungua Biblia kwa Mfalme Daudi, nikakuta mtoto wake Absalomu anasifiwa uzuri na nywele. Nikafunga kitabu. Mzee wa kanisa akaniuliza, "Umesoma mpaka mwisho?" Nikamwambia, "Mzee, nywele inatosha."

Mtoto akakua. Emajensi ikaja, vijana wakaingia msituni kupigana na wazungu. Absalomu wangu akasimama mlangoni. "Baba, utamkamulia huyu mzungu mpaka lini?"

Nikamjibu, "Ukienda msituni, usiniite baba tena."

Akaenda. Roho ilitaka nimkimbilie. Lakini nilikuwa na gambuti moja mguuni, nikaanza kutafuta ile ingine, ati mzee mzima asionekane peku. Nilipoipata, alikuwa ameshavuka shamba la ngano.

Mwezi haukuisha, karani wa shamba akaniambia kijana wangu amepigwa risasi huko msituni, amekufa. Kaburi sijaonyeshwa mpaka leo.

Kanisa nikaacha. Hata ng'ombe nilikamua bila kuwasemesha. Ndipo mama mmoja mjane, yuko hapa, akaja na Biblia, akakalia ndoo. "Baba Absalomu, leo tunamaliza."

Akasoma. Kumbe Absalomu alimwasi baba yake, akauawa msituni, kichwa kimenaswa kwa mti. Na Daudi, mfalme mzima, akapanda chumba cha juu ya lango akilia, akitamani angekufa yeye badala ya mtoto.

Nikasema, "Huyo ni mimi."

"Ni wewe," akasema. "Daudi alitaka, hakuweza. Lakini alikuwa kivuli tu. Kwa ukoo wake akaja Mwana wa Daudi. Huyo aliweza. Alikufa badala ya watoto waliomwasi Baba yake."

Ndugu zangu, nililia kama ndama aliyeachishwa.

Mama, asante. Na nyinyi mliokuja kukaa na mimi kimya siku zile za msiba, asante; najua si kazi rahisi. Kijana wangu yuko wapi, sijui. Nimemwachia yule aliyeweza. Nawaambia moja tu: mtoto akitoka na hasira, mfuate peku. Yesu alipotufuata hakutafuta viatu.