Kurasa Arobaini Zilizobaki za Jenerali

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi, Msimamizi wetu, na wenzetu wa ghorofa ya chini mliopanda kusikiliza: karibuni karakanani. Poleni na ngazi. Tumezima cherehani zote kwa heshima yenu, na masikio yetu bado yanavuma.

HISTORIA YA USOMAJI WETU

Shangazi, ndivyo tunavyomwita sote, alishona vifungo hapa miaka kumi na tisa. Miaka minne iliyopita vidole vyake vilikakamaa, sindano ikawa haishikiki tena, akaja kutuaga. Babu Chaki, mkata vitambaa wetu, alimsogezea kiti na kitabu cha maisha ya mfalme mmoja alichokuwa amekiazima maktaba. Akamwambia, "Mkono ndio umestaafu, wewe bado. Kaa hapo utusomee."

Msimamizi wa wakati ule alicheka, akamwandika kazini kama msomaji. Tangu hapo, kuanzia saa nne mpaka saa sita, yeye anasoma na sisi tunashona.

MAFANIKIO

Tumewamaliza wafalme wanne, mawaziri wakuu watatu na malkia mmoja ambaye mpaka leo hatujamsamehe. Fundi Kimya, tuliyedhani hana la kusema duniani, sasa ndiye mbishi mkubwa wa mambo ya katiba. Mpiga pasi na mshona mifuko walinuniana siku mbili kwa sababu ya waziri aliyemgeuka bwana wake. Tumejifunza pia kwamba mtawala akianza kuagiza nishani mpya kila mwezi, mambo yameshaanza kumwendea kombo.

Kazi haikuzorota. Nguo zinazorudishwa kwa mshono mbaya zimepungua, maana anayesikiliza hasinzii. Tuna furaha, Mheshimiwa, na hatuifichi.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni neno moja. Kwa sisi mafundi, kupindua ni kufumua kola iliyochakaa, kuigeuza upande uliobaki mzima na kuishona upya. Mwezi uliopita, Mheshimiwa, ulituletea mashati yako mawili tuyapindue kola. Siku hiyohiyo tulikuwa tumefika pale ambapo Jenerali, kwenye kitabu, ananyang'anywa nchi. Fundi wa zamu akaandika ubaoni ratiba ya kesho yake, kama kawaida:

"Saa nne: Jenerali anapinduliwa. Saa nane: Mkurugenzi."

Msimamizi wetu mpya ni mtu mwema na mwangalifu, ila hajawahi kushika sindano. Alisoma, akafuta ubao, akachukua kitabu, akamwambia Shangazi akae nyumbani. Tulimweleza. Akasema anatuamini, lakini jambo kama hilo ni la Mkurugenzi mwenyewe kuamua, na utaliamua leo. Shati, tunashukuru kuona umelivaa.

MAOMBI

La kwanza, kitabu kirudi. Zimebaki kurasa arobaini na hatujui Jenerali alikimbilia wapi. Mpiga pasi anashikilia kwamba alijificha kwa mama mkwe wake.

La pili limo ndani ya bahasha. Msomaji, ifungue.

KARATASI YA BAHASHA

Mheshimiwa, karatasi hii msomaji hajaiona. Tuliiandika bila yeye, kwa sababu alitukataza kumwombea. Alisema tuombe kitabu tu. Huyu aliyesimama mbele yako ndiye Shangazi. Leo ameingia kama mgeni wetu, na kesho ikifika saa nne hana pa kwenda. Shangazi, usiruke mstari. Tunakujua.

Kitabu hata kikipotea, maktaba watatupa kingine. Sauti hii, uliyoisikiliza mpaka hapa, hatuna pa kuiazima. Inatuuma kuikosa. Tunaomba umrudishe kwenye kiti chake.

Mungu akujalie afya, nyumba yenye amani, na watu wa kukuambia ukweli ungali kitini.

Ni sisi,
Mafundi wa Karakana ya Ushonaji, ghorofa ya pili.

Imesomwa na Shangazi, mpaka mstari wa mwisho.