Chembe Zinazokufa Tumboni

Benchi ni ubao juu ya matofali, mbele ya duka la kijiji pale Kinyangiri, na wanywa kahawa hukaa wamebanana. Jioni hiyo Isaka alikaa katikati. Kulia alikuwa Melkizedeki, waliyemwita Bunge kwa kuwa hakuna hoja aliyoiacha ipite. Kushoto Ignas, aliyeitwa Redio kwa kupokea habari nusu na kuitangaza nzima. Isaka alikuwa ametoka hospitali ya misheni na mwanawe wa miaka minne, ambaye hajawahi kusema neno. Akawaeleza alichoambiwa, na hapo ndipo alipojitia matatani.

— Rudia, alisema Bunge. Chembe za ubongo zinakufa mtoto akiwa bado tumboni?

— Zinakufa. Ubongo unatengeneza nyingi kuliko zinazohitajika, halafu za ziada zinakufa zenyewe. Kwa kila mtoto. Si ugonjwa.

— Sasa za wako zimekufa nyingi mno.

— Daktari hakusema hivyo. Kinachomzuia mtoto kusema, yeye bado hajakijua.

— Mimi nakijua, alisema Redio. Lori. Tulipohamishwa kuja huku, shemeji alikuwa na mimba, akakaa juu ya magunia. Lori likitikisa, chembe zinapukutika kama mtama.

— Wanawake wangapi walipanda lori hilo hilo, Redio? aliuliza Isaka.

— Basi ni unga wa njano, alisema Bunge. Ule wa msaada, mwaka wa njaa. Chembe ziliuonja zikaona heri zife.

— Nimesema zinakufa kwa wote. Zako zilikufa. Za Redio zilikufa. Hata za daktari mwenyewe.

— Za daktari? Na amesoma vile? alishangaa Redio.

Isaka aliweka kikombe chini.

— Labda shemeji alilia sana, alisema Bunge kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Isaka. Mama akilia, chembe ndani zinakata tamaa. Dada yako mwenyewe, tangu aje kukaa kwenu, anasema mkeo Martha ana mkosi. Anataka umrudishe kwao.

Maneno ya daktari Isaka aliyaleta hapa kusudi, yasambae kijijini, yamwondolee mkewe lawama. Sasa aliyaona yakigeuzwa kuwa lawama nyingine.

Martha akatokea pembeni mwa duka, mtoto mgongoni. Ilionekana alikuwa amesikia.

— Mashemeji, hamjambo?

— Hatujambo, shemeji. Karibu.

— Tangu tuhamie mnamzungumzia mwanangu. Anaitwa nani?

Bunge alimtazama Redio. Redio alitazama kikombe chake. Wote wawili walizoea kumwita Bubu, na hilo hawakuthubutu kulitamka mbele ya mama yake. Muuza kahawa akainama kuchochea makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri tu.

Isaka alinyanyuka, akamfungua mtoto mgongoni mwa mama yake, akampakata.

— Kesho namsindikiza dada arudi kwake, alimwambia Martha, bila kupunguza sauti. Lea, mwanangu, twende nyumbani.