Shingo ya Gitaa la Leonard

Sogeeni, Elina, na wewe Hana, acha huo mlango, kaa hapa kitandani, nisikieni wanangu kabla pumzi haijanikimbia. Najua wosia ni wa wazee, na mimi hata mvi sina, lakini kesho napelekwa Dodoma kwa ajili ya huu moyo uliovimba tangu nijifungue Hana, na sioni kama nitarudi, na naogopa, kwa hiyo nisipolisema leo litazikwa nami.

Nyumba hii ya Itigi na mizinga ya nyuki ni yenu, bibi yenu anaijua mipaka. Cherehani ni ya Hana akikua. Gitaa la baba yenu Leonard si letu tena. Ukoo umekaa, umeamua vifaa vya marehemu virudi kwa mdogo wake, na baba yenu mdogo Manase anakuja kulichukua jioni hii. Nililia mbele ya kikao, nikaambiwa mjane haongezi neno. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Akiingia mwamkieni vizuri, msinune.

Lakini kinachoniua kuliko moyo ni hiki. Manase naye ni fundi wa magitaa, na alipolishika lile akacheka, akasema, "Kaka alilewa siku ya kulichonga? Shingo imebinuka upande mmoja. Nitaipiga randa ikae sawa."

Haikukosewa, wanangu. Baba yenu alivunjika kidole gumba akibeba mataruma relini, kikaunga vibaya, ndipo akaichonga shingo ile kwa kipande cha chupa, anapiga, anachonga, anapiga tena, mpaka gumba likapata pa kulala. Nikimtania kwamba gitaa lake lina kibiongo, ananijibu, "Liache, mbona wewe nilikuoa na matege yako." Hana, wewe hukumwona, alikufa ukiwa tumboni. Ukishika shingo ile unashika kiganja chake, na hakuna kingine kilichobaki chenye umbo lake, hakuna, na randa itakimaliza asubuhi moja.

Kwa hiyo Elina, lilete gitaa sasa hivi, na ile nta niliyoianika juani, imeshalainika. Zungushia shingo nailoni kwanza, nta isigandie. Bandika nta mgongoni mwa shingo, karibu na kichwa, katikati, na pale inapokutana na tumbo la gitaa, maana kila mahali pana unene wake. Anayepima mahali pamoja tu anachonga mpini wa jembe. Ikipoa utaivua, utaikata kwa kukingama, utachora ukingo wake wa ndani kwenye karatasi ya boksi, ulikate boksi kwa kufuata mchoro. Siku ukipata mninga mkavu, chonga shingo nyingine, ulisimamishe boksi juu ya mti, utazame mwanga: unapopenya acha, boksi linapogusa punguza. Watu watakucheka. Usiinyooshe.

Mtunze mdogo wako. Msilale na njaa kwa aibu, semeni kwa bibi. Wakinirudisha huku nimefunikwa, msi... hapana, hilo tuliache.

Nasikia pikipiki. Ni yeye. Hana, nenda kamwamkie baba mdogo, mpe kiti, mpe maji, mwonyeshe vifaranga, mweleze chochote, asiingie kwanza.

Elina, bonyeza. Ningekusaidia, mikono haiinuki. Mungu awabariki, wanangu, awape... awape watu wa... Subiri. Nta bado ni laini, Elina. Usiivue.