Kivulini Yashika Nafasi ya Kumi na Tisa

Benchi la kwa Efrazia liko juu kidogo ya stendi ya Lushoto, limeegemea ukuta wa mawe, na asubuhi ya ukungu hapo ndipo mahali pekee mjini unapoota moto bila kuombwa hela. Efrazia ana birika, ana kashata, ana masikio. Hukaa hapo Sefania, tunayemwita Satelaiti kwa kuwa alifunga madishi ya televisheni hadi Mlalo. Hukaa Hamisi Mahakama, ambaye hajawahi kusikia kesi asiihukumu. Na hukaa Zabron, mwenye nyumba ya wageni iitwayo Kivulini, vyumba sita, madirisha yote yanatazama bonde. Tangu Edgar, mtu wa jijini, afungue nyumba yake ya wageni, Upeo, ng'ambo ya barabara, wageni wa Zabron wamekauka. Sasa Edgar amemletea neno, tena kwa adabu: amwachie Kivulini iwe tawi la Upeo, yeye Zabron abaki hapo kama mlinzi. Jibu linatakiwa leo. Zabron alifika benchini na simu mkononi, uso wa mtu aliyetoka kuchukua majibu hospitali, akasema kabla hajajibu anataka ajue amepigwa na nini.

Mahakama: Hebu tuone. Mbona ramani imeota surua?

Zabron: Hii ni programu ya kupima washindani. Unaandika maneno anayoandika mgeni akitafuta pa kulala Lushoto, unaweka jina lako na la mwenzako. Inakuonyesha, mtu akitafuta akiwa mahali fulani, nani anatokea wa ngapi. Kijani, uko mbele. Nyekundu, umekwisha.

Satelaiti: Na hizi nyekundu ni za nani?

Zabron: Zangu. Mtu akitafuta akiwa Soni, mimi wa kumi na tisa. Magamba, wa kumi na tisa. Hapa stendi nimejitahidi, wa kumi na nne.

Efrazia: Na Edgar?

Zabron: Kijani kote. Hadi mlangoni kwangu, Efrazia. Mtu akisimama kwenye kizingiti changu akaiuliza simu pa kulala, inamwambia avuke barabara.

Hapo Mahakama akasogeza kikombe chake kwa Efrazia. Kahawa ikamiminwa. Kwenye benchi letu sababu hazichelewi kupatikana, maana kila mtu anaogopa mwenzake ataanza kuwaza kabla yake.

Satelaiti: Ni paa. Chombo cha ramani kiko juu angani, kinatafuta kinachong'aa. Mabati yako yana kutu.

Zabron: Ulinishauri hivyo wakati wa masika. Nikauza mbuzi, nikapaka paa lote bluu.

Satelaiti: Ikawaje?

Zabron: Nikatoka nafasi ya kumi na nane, nikashuka ya kumi na tisa.

Mahakama: Ndiyo maana wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

Efrazia: Inahusu nini?

Mahakama: Hajikwai kwa sababu hafiki. Sikilizeni. Edgar ana mtu ndani. Ofisi gani duniani faili lako linakaa juu bila mtu ndani? Huko Google kuna kijana wake, kila asubuhi anatoa faili la Upeo chini analiweka juu.

Satelaiti: Si mtu, ni mlima. Mawimbi yanatoka Mombo, yanapanda kona zote zile. Yakifika hapa yamechoka. Nyumba ya kwanza kuonekana yanajilaza hapo hapo. Upeo iko upande wa bondeni.

Efrazia: Mimi nilisema tangu mwanzo ni jina. Kivulini. Kwa baridi hii ya Lushoto, nani anatafuta kivuli?

Zabron: Jina aliliacha mama.

Efrazia: Samahani, kaka yangu.

Mahakama: Basi ni dawa. Tena si ya hapa, imetoka mbali. Mganga wa siku hizi anataka namba ya simu tu, haombi hata kuku.

Zabron alikuwa hasikii tena. Alikuwa anasukuma kioo kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe.

Zabron: Hapa chini inatoa sababu. Inasema mwenzangu ana maoni mengi ya watu, tena wenyeji. Mimi ninayo mawili. La kwanza la Mjerumani wa zamani. La pili la mtu aliyekuwa anatafuta duka la mbolea.

Satelaiti: Wenyeji gani hao?

Zabron: Huyu hapa. "Vitanda safi, mwenyeji mkarimu, utalala kama mtoto. Nyota tano. Hamisi."

Mahakama alikohoa mpaka kahawa ikamwagika.

Mahakama: Sikia, Zabron. Yule ni mgeni. Siku ya ufunguzi alitukaribisha pilau, akatuzungusha vyumba vyote, akaomba neno zuri kwa heshima. Mgeni akikuomba neno, utamnyima?

Satelaiti: Mimi niliandika mistari miwili tu.

Efrazia: Mimi niliweka na picha.

Mahakama: Lakini wewe ni wa kwetu. Wa nyumbani hasifiwi hadharani, anaharibika. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na zaidi, kizuri chajiuza.

Zabron: Kimejiuza, Mahakama. Kimejiuza kwa Edgar.

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililotuumiza. Tungependa atukane kidogo.

Wakati huo alikuwa amekaa pembeni mama mmoja, kikapu cha mapeasi miguuni, anamalizia kikombe chake. Jina lake Yudith, alikuwa amemwambia Efrazia kwamba katoka Mlalo kwa shughuli ya harusi. Alipofika benchini, Mahakama alikuwa ameshaanza kukohoa, kwa hiyo hakujua tulikuwa tunazungumzia nini.

Yudith: Shikamooni, wazee wangu.

Wote: Marahaba.

Yudith: Jumamosi tunaleta wageni wa bwana harusi, watu kumi. Natafuta pa kuwalaza. Nimeambiwa kuna nyumba inaitwa Kivulini. Vyumba vyake vikoje?

Watu kumi. Kivulini ingejaa vyumba vyote. Tukamtazama Zabron, Zabron akatazama kikombe. Mtu hajisifu mbele ya wazee wenzake. Akawa anasubiri mmoja wetu amsemee.

Satelaiti: Iko... pale juu. Ina paa la bluu.

Yudith: Ndani je?

Ndani hatukujua. Miaka yote tumekaa naye benchi moja, hakuna aliyepita geti lake. Kwetu, kuingia kwenye biashara ya ndugu ni kama kwenda kumwomba chai, na kila mmoja alikuwa anamstahi.

Mahakama: Ni kwa mtu wetu.

Yudith: Sawa, baba. Lakini vitanda?

Yudith alisubiri kama mtu mwenye malezi anavyosubiri, kisha akatoa simu yake, akaandika, akasoma kidogo.

Yudith: Hapa naona Upeo. Kuna mzee wa huku huku, Hamisi, ameisifu vizuri sana. Mnamfahamu? Neno lake ni la kuamini?

Mahakama akainamisha kichwa. Efrazia akajifanya anachochea mkaa. Mimi nikauma kashata nyingine.

Zabron: Ni la kuamini, mwanangu. Ni mtu mkweli. Panda na barabara hii, mkono wa kushoto.

Yudith: Asante, baba.

Alipoinuka na kikapu chake, Zabron alikuwa tayari ameweka simu sikioni.

Zabron: Edgar, mimi hapa. Kuna mama anakuja kwako, ana mzigo, toka umpokee. Ana wageni kumi wa Jumamosi. Upeo haitawatosha, wengine walale Kivulini, tawi lako sasa. Funguo ninazo, nitafagia leo.