Taa ya Mama Giza

Wasikilizaji wapendwa, kama upo nyumbani, hebu zima taa kidogo. Aliye kwenye usukani asithubutu, huyo anisikilize hivyo hivyo. Nataka tukae gizani pamoja, maana mwanamke tunayemkumbuka leo alifanya kazi yake gizani. Wengi tulimjua kwa jina moja tu: Mama Giza. Ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua moyo.

Mama Giza alikuwa mpimaji wa magonjwa ya ngozi. Mapunye ya kichwani, choa za mwilini, fangasi wa kila namna. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, dirisha limezibwa kwa karatasi nyeusi. Mtoto anaingia, mlango unafungwa, giza totoro. Halafu taa ndogo ya zambarau inawaka. Na kichwa cha mtoto, wasikilizaji, kinang'aa kijani. Niliona kwa macho yangu siku niliyokwenda kumhoji. Viraka vya kijani vinaelea hewani, na chini yake sauti ndogo inauliza, "Mama, umekaa wapi?" Mimi si mtu wa kuogopa ovyo, lakini siku ile nilitafuta kitasa cha mlango.

Kuna mapunye yanayong'aa kwenye taa ile, na kuna yasiyong'aa kabisa. Kwa hiyo hakuiamini taa peke yake. Alikwangua magamba kwa kisu butu, akang'oa visiki vya nywele, akavidondoshea dawa ya kuvilainisha, kisha akachungulia kwenye hadubini. "Fangasi ana nyuzi," aliniambia. "Ukiziona nyuzi zake, umemkamata."

Mume wake, fundi viatu, bado anacheka akimkumbuka, ingawa machozi hayako mbali. "Kabla hajakubali posa alinikagua kichwa. Nikamwambia, basi kagua na moyo. Akasema, huo hauonekani kwenye taa."

Sasa niwapeleke kwenye nyumba moja. Katika nyumba hiyo, ilisemekana, kuna mtu anawanyoa watoto usingizini. Kila wakiamka, nywele zimejaa kwenye mito ya kulalia. Vichwani viraka, nywele zimekatika karibu kabisa na ngozi, kama zimepitiwa na mkasi. Na mkasi ulikuwapo. Bibi yao, mzaa baba, alikuwa fundi cherehani. Alilala chumba kimoja na wajukuu, mkasi wake chini ya mto. Mama wa watoto akaunganisha mambo hayo mawili, na yakaungana vizuri mno. Bibi ni mchawi. Mabegi ya bibi yakatolewa barazani. Kesho yake aondoke, na hakuwa na pa kwenda.

Baba wa watoto, mtoto wa bibi huyo, akaenda kimya kimya kumwita Mama Giza. Akaja mchana huo huo, taa mkobani. Akaomba mablanketi yatundikwe madirishani, na watu wote wa nyumba waingie chumbani. Taa ikawaka. Kichwa cha kwanza, kijani. Cha pili, kijani. Cha tatu, kijani.

Hapo ndipo alipokosea. Hakuwaeleza kwanza. Alikuwa ameuzoea mno mwanga ule, akasahau kwamba wenzake hawajawahi kuuona.

"Amewatia alama!" mama wa watoto akapiga ukelele. "Si mnaona? Amewatia alama wanangu!" Mtu akamkamata bibi mkono amburute nje.

"Atakayefungua mlango huo tutagombana," Mama Giza akasema. "Kaeni chini, wote."

Akamulika viganja vya bibi. Giza. Akamulika nywele za bibi. Giza. Halafu kando ya miguu ya bibi, pale mwanga wa taa ulipofika, kitu cha kijani kikaanza kutembea. Chenyewe. Kikapotea, kikatokea tena. Kikaruka mapajani mwa mama wa watoto, kikatulia. Kisha kikaanza kukoroma.

Paka. Masikio na pua vinang'aa kuliko vichwa vyote mle ndani.

"Paka huyu kaletwa na nani?"

Mama Giza akaisogeza taa karibu na paka.

"Nauliza, kaletwa na nani?"

"Mimi," akasema mama wa watoto. "Nilimwokota. Watoto hulala naye."

Vipimo vikathibitisha. Fangasi wa paka na fangasi wa watoto ni wale wale. Watoto wakameza vidonge kwa wiki nyingi, maana mapunye ya kichwani hayasikii mafuta ya kupaka peke yake. Paka naye akatibiwa. Nywele zikaota. Mabegi yakarudishwa ndani.

Lakini bibi hakurudi. Narudia: bibi hakurudi. "Nimewasikia gizani," aliwaambia. "Siwezi tena kulala humu." Mama Giza akabeba begi moja, bibi akabeba jingine, wakaenda kuishi pamoja, nyumbani kwa Mama Giza na mumewe. Tangu hapo Mama Giza hakuwasha taa kabla ya kueleza. Jambo lile lilimuuma mpaka mwisho.

Juzi nilikwenda kutoa pole. Bibi yupo, mzee sana sasa. Nilimkuta chumbani, mapazia yamefungwa, nikadhani ni kwa ajili ya msiba. Kumbe ameshika taa ile ya zambarau. Akaiwasha. Akavigeuza viganja vyake taratibu, mbele na nyuma, akachungulia hadi katikati ya vidole.

"Bibi, unatafuta nini?"

"Mwanangu huyu aliyetutoka alikuwa ananiangalia kila asubuhi. Ananiambia, mama, uko safi. Ndipo naamka vizuri. Sasa nani ataniambia?"

Kwa mume wake, kwa bibi, na kwa wenzake wa kliniki, poleni sana. Mungu ampumzishe Mama Giza mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, msiwashe taa kwanza. Mfikirieni yule mliyewahi kumtolea mabegi barazani bila kumpima. Kama yu hai, huenda hata sasa anavitazama viganja vyake. Nenda ukamwambie yuko safi.