Sura Iliyogoma Puani

Benchi liko nje ya karakana ya Kubat, mjini Tokmok, kando ya mawe meusi ya makaburi yanayongoja wenyewe. Wanakaa watatu kila asubuhi, na birika la chai ya maziwa katikati. Kubat huchora sura za marehemu kwenye mawe kwa mashine ya leza. Antena alikuwa fundi wa televisheni. Kamishna hajawahi kuwa polisi hata siku moja. Alikagua tiketi kwenye mabasi, na tangu hapo hamwamini mtu. Asubuhi hiyo Kubat hakugusa chai. Jiwe la Mzee Sagynbai lilikuwa mezani lina kofia, macho, na nusu ya pua. Picha ilikuwa kubwa, akaikata vipande viwili. Cha juu kilipita. Cha chini, kompyuta inaapa imekituma, mashine inaapa haijakiona. Kesho ndugu wanatoka Naryn kwa karamu ya mwaka wa marehemu, farasi wa kuchinjwa yupo, na jiwe lingine hakuna.

— Waya umebadilisha? aliuliza Antena.

— Nimebadilisha.

— Flashi?

— Ya tatu hii. Nimeazima kwa shemeji.

— Hapo ndipo ulipoharibu. Mtegemea cha ndugu hufa maskini.

— Shemeji si ndugu, alisema Kamishna. Tuache waya. Nani anafaidika? Jana Joldosh, mchoraji mwenzako, alisimama mlangoni kwake, ng'ambo pale ya barabara, anakula mbegu za alizeti. Mwenye mashine mpya halafu anakula mbegu?

— Alikuwa anatazama huku?

— Hakutazama hata kidogo. Hilo ndilo linalonitia shaka.

Kubat alijua ni upuuzi, lakini akajikuta anaukazia macho mlango wa Joldosh.

— Joldosh hana akili hiyo, alisema Antena. Huyu ni mzee mwenyewe. Kauza farasi miaka arobaini. Mashine imegoma puani, na chini ya pua kuna nini? Mdomo. Ana jambo hataki kulisema.

— Amekufa, Antena, alisema Kubat.

— Mficha uchi hazai.

— Ana watoto saba.

— Ndiyo hapo sasa.

Kamishna akaweka bakuli lake chini.

— Mimi nasema kikulacho ki nguoni mwako. Jumanne nilimkuta mtu ndani, peke yake, kaiinamia mashine. Antena, ulikuwa unafanya nini?

— Nilikuwa namsalimia kaka yangu.

Kamishna akaliokota tena bakuli lake. Kaburi la kaka yake Antena liko Osh, na njia ya mlimani hufungwa na theluji. Kubat ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kuifungua sura ya kaka huyo, iliyobaki ndani ya mashine, kwenye kioo chake kidogo. Roho ilimuuma Kubat kwamba kwa dakika moja yeye pia alikuwa amemshuku rafiki yake.

Ndipo akaja Gulzat, kitinda mimba wa Mzee Sagynbai. Akaenda kulitazama jiwe, akarudi macho mekundu.

— Kaka Kubat, mashine hii inabeba sura ngapi?

— Sijui. Haijawahi kuniambia.

— Zilizokwisha kuchorwa, mnazifuta?

— Binti, alisema Kamishna, marehemu hafutwi.

Kubat akainamisha kichwa. Miaka sita mashine ilikuwa ikimuuliza kama afute, na miaka sita alijibu hapana, maana aliona dhambi kumbonyezea mtu kitufe hicho. Zilikuwa sura mia mbili na kumi na nne.

— Basi imejaa, alisema Gulzat. Naomba mmoja ampishe baba. Nani anaweza?

Antena aliinua birika, akakuta ni tupu, akaendelea kulishika. Kamishna alikuwa na sura ya marehemu mkewe mle ndani ya mashine. Akavitazama viatu vyake.

Kubat akaingia. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa mama yake, na picha yake ya karatasi ilipotea siku ya kuhama. Alikaa mbele ya kioo muda mrefu. Kisha pale benchini wakasikia mashine inanguruma, na haikusimama. Akatoka, akaketi benchini.

— Umemfuta nani? Antena aliuliza kwa hofu.

— Mama. Hata alipokuwa hai, mgeni akiingia, yeye ndiye aliyekuwa anasimama kumpisha.