Eddah Mutanu, Mshonaji Aliyesimulia Njaa Yake

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 12 Agosti 1967, ni Eddah Mutanu, mke wa kaka yangu Nicanor Kioko. Mimi Rodah ni wifi yake, na mawifi hatujulikani kwa kusifiana. Wazee wa ukoo walinishauri niandike kwamba aliugua homa. Nimekataa, kwa sababu yeye mwenyewe aliniomba nisiandike hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1934 huko Mbooni, wilaya ya Machakos, mtoto wa tatu wa Mzee Levi Muli na Mama Sabeti. Mamake husema alikuwa na kicheko cha kuwashtua mbuzi malishoni.

Mwaka 1947 alipelekwa shule ya bweni ya misheni, akasoma hadi darasa la saba. Huko ndiko maradhi yalikoanzia. Wasichana walifundishwa kufunga na kuomba, na Eddah akawapita wote kwa kufunga. Alisifiwa mbele ya kanisa. Kumbe hakuwa akiomba. Alikuwa akiogopa chakula, na kila aliposifiwa ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kurudi mezani. Maradhi haya kwetu hayana jina. Wengine husema ni pepo, wengine husema ni maringo.

Alifunga ndoa na kaka yangu, karani wa ghala huko Shimanzi, Mombasa, tarehe 17 Desemba 1955. Walikaa Majengo, na Mungu akawajalia binti, Mwikali. Kila siku Eddah alimpakulia kila mtu, kisha akasema yeye alishakula jikoni. Nicanor alimwamini. Mwanamume akishiba hudhani nyumba nzima imeshiba.

Kazi yake ilikuwa kushona. Wanawake wa Mji wa Kale walimwita majumbani kuwapima nguo za harusi, maana mabinti zao hawakupelekwa kwa mafundi wanaume. Aprili 1962, Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ulipokuwa umekwisha, alimpima Swabaha, binti wa Bi Bimdogo wa Kibokoni, aliyekuwa amechumbiwa. Aliporudi kumvisha, gauni lilipwaya. Akalipunguza, aliporudi tena, likapwaya tena. Msichana alikuwa akitetemeka kwa baridi katika joto la Mombasa, na nywele zilikuwa zikimtoka.

Bi Bimdogo alikuwa na furaha. "Mwanangu yuwafunga," alisema. "Alilipa siku zake za Ramadhani, akafunga na sita za Mfungo Mosi. Sasa Jumatatu na Alhamisi hazimpiti. Hata majirani wawaombea mabinti zao wawe kama yeye."

Eddah alizikusanya pini zake, akaketi mkekani. Angeweza kunyamaza, apokee ujira wake, aende zake. Akasema, "Bi Bimdogo, mimi pia nilisifiwa hivyo." Kisha akawasimulia yote, tangu bwenini mpaka jikoni kwake Majengo, mambo ambayo hata mumewe hakuwa anayajua. Bi Bimdogo alikasirika, akamwambia yeye si Muislamu, hajui thawabu ya saumu. Swabaha alilia, na mama yake alipoyaona yale machozi, hasira zikamwisha.

Wali wa nazi ukaletwa. Swabaha akasema, "Sili mpaka weye ule, Bi Eddah." Marehemu aliniambia kwamba tonge lile lilimtisha kuliko uchungu wa kuzaa. Lakini alilila. Jioni ile alimweleza mumewe pia. Harusi iliahirishwa, na kwa muda mrefu wawili hao walikula pamoja adhuhuri, wakiambiana ukweli juu ya kila tonge. Swabaha alipona, akaolewa. Mama wengine wakaanza kuja, mmoja mmoja, wakiwaleta mabinti zao wakae na Eddah wamsikilize.

Februari mwaka huu alizaa mtoto wa kiume ambaye hakuishi, na ule woga wa zamani ukarudi kwa nguvu. Swabaha alikuja, mimi nilikuja, tukakaa naye. Siku nyingine alikula. Siku nyingi hakuweza. Daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka tangu zamani. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Agosti, saa sita mchana, mumewe akiwa kando yake. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na nimekasirika, sitaficha.

Ameacha mume, Nicanor, wazazi wake, walioko hapa, mimi, na Swabaha, aliyeniruhusu kumtaja. Ameacha pia binti yake Mwikali, mwenye miaka kumi, ambaye tangu Jumatano hadi jana hakuonja kitu, akisema amefunga kwa ajili ya mama. Jana matangani niliwasikia baadhi yenu mkimsifu mtoto huyu kwa uchaji wake. Nawaomba, kwa jina la Mungu, msimsifu tena. Jana hiyo hiyo Swabaha alivuka mlango wetu na baibui lake, akaketi sakafuni karibu na Mwikali, akaanza, "Mimi pia nilisifiwa." Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliomba uji, akanywa nusu kikombe.

Bwana ampe Eddah pumziko alilolikosa duniani. Sisi twende nyumbani tukale na mtoto wake.